Njaa Ndani ya Jicho

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliomba nakala ya kuwasomea wenzao nyumbani.)

Leo hatuzungumzi juu ya mbegu wala mbuzi wa maziwa. Tunazungumza juu ya jicho, na hasa jicho la mtu mwenye ugonjwa wa sukari.

Tunajua mkisikia macho mtafikiri mtoto wa jicho. Huyo mnamfahamu. Mzee anaanza kuona ukungu, watu wanamwambia, "Ngoja uive, halafu utapelekwa kufanyiwa upasuaji." Na kweli, hata akikaa miaka miwili, akifanyiwa upasuaji mara nyingi ataona tena. Ndiyo sababu watu wetu wamezoea kungoja. Lakini kuna ugonjwa mwingine, wa nyuma ya jicho, ambao haungojewi. Mwenye nao akichelewa, daktari atamwangalia na kumwambia kwamba kile kilichopotea hakirudi. Watu wawili wanaweza kuketi kwenye benchi moja la kliniki, wote wakisema "naona ukungu", na mmoja ana muda, mwingine hana.

Sasa tuanze na jicho lenyewe. Nyuma kabisa, ndani, pametandazwa utando mwembamba unaoitwa retina. Wale waliowahi kutumia kamera za zamani wanakumbuka filamu: mwanga unaingia mbele, picha inashikwa kwenye filamu. Retina ndiyo filamu ya jicho. Unene wake ni kama robo ya milimita tu, lakini ndani yake mna seli za kuona karibu milioni 100. Seli hizo hupokea mwanga na kuugeuza kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo.

Kazi hiyo inataka nguvu nyingi ajabu. Ukipima gramu kwa gramu, retina hula kushinda karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Chakula chake kikubwa ni sukari inayoletwa na damu, pamoja na hewa ya oksijeni ya kuiunguzia. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani, Otto Warburg, aliona ya kwamba retina hutumia sukari kwa haraka na kwa fujo, kama jiko la kuni linalowashwa kwa moto mkubwa bila kujali kuni zitaisha lini. Halafu mwaka 2016 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba retina hula mafuta pia. Kwa hivyo inataka sukari, mafuta na oksijeni, mchana na usiku.

Na hapa kuna jambo litakalowashangaza. Mnadhani jicho hupumzika gizani, si ndiyo? Hapana! Seli za kuona hutumia nguvu nyingi zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Ukilala, taa zote zimezimwa, retina yako inafanya kazi ngumu kuliko saa sita mchana. (Msiende sasa kulala na taa ikiwaka. Uingereza waliwapa wagonjwa wa sukari vifuniko vya macho vyenye mwanga, wakalala navyo kwa miaka miwili. Matokeo yalitoka mwaka 2018: hakuna faida.)

Basi, mwenye kula hivyo lazima aletewe chakula. Vikundi vingi hapa vimefanya mradi wa maji, kwa hivyo tutasema kwa lugha ya paipu. Retina ina njia mbili za kuletewa. Nyuma yake kuna tabaka lenye damu nyingi sana, kama bomba kuu linalopita bondeni, na hilo hulisha zile seli za kuona. Mbele yake kuna mishipa midogo midogo ya damu, kama paipu zinazogawanyika kwenda kila boma, na hizo hulisha sehemu iliyobaki. Paipu hizi ndogo ndizo zenye matatizo.

Je, nani alizipanga? Retina yenyewe. Mtoto akiwa tumboni, mishipa hiyo huanza kuota kama mwezi wa nne, kutoka katikati ikielekea pembeni, na hufika ukingoni karibu na wakati wa kuzaliwa. Sehemu ya retina inayokua ikikosa oksijeni hutoa ishara, na mishipa huifuata ishara mpaka hapo. Daktari mmoja, Isaac Michaelson, alisema mwaka 1948 kwamba lazima kuwe na kitu fulani kinachotoka kwenye retina na kuita mishipa. Ilichukua miaka zaidi ya arobaini kukijua vizuri. Leo kinaitwa kwa herufi nne, VEGF, na mwaka 1994 madaktari walikipima kikiwa kingi ndani ya macho ya wagonjwa wa sukari ambao mishipa mibaya ilikuwa imeota.

Tunasema mishipa mibaya. Kwa nini mibaya, kama imekuja kuleta chakula? Fikirini nyumba za mlimani zisizopata maji. Wenyewe watakaa kimya? Watapigia kamati kelele. Kamati ikikawia, watanunua paipu za mpira za bei rahisi na kuzipitisha popote, juu ya barabara, katikati ya mahindi ya jirani. Maji yatafika? Kidogo. Lakini kila kiungo kinavuja, na siku gari likipita, paipu inapasuka. Hivyo ndivyo ilivyo katika jicho la mtu mzima. Mishipa inayoota kwa sababu ya njaa haijengwi kwa mpango. Kuta zake ni dhaifu, inavuja, inapasuka, na inaota mahali pasipofaa, juu ya retina na kuingia kwenye ute ulio katikati ya jicho.

Mtatuuliza: mtu wa kisukari ana sukari nyingi kwenye damu, njaa inatoka wapi? Ni swali zuri, na ndipo kiini cha mambo kilipo. Sukari ikizidi kwa miaka mingi, huharibu kuta za mishipa midogo. Kuna seli zinazoishikilia mishipa hiyo kama vile pete zinavyoshikilia pipa, na seli hizo hufa mapema. Hapo mishipa mingine huvimba vijipu na kuvuja, mingine huziba kabisa. Mshipa ukiziba, ng'ambo yake haifiki sukari wala oksijeni. Kwa hivyo damu imejaa sukari, na kipande cha retina kando yake kinakufa njaa. Kinapiga kelele kwa VEGF, na VEGF nayo huifanya mishipa iliyobaki ivuje zaidi hata kabla ya mipya kuota.

Maji hayo yakivujia katikati ya retina, pale tunapotumia kusoma na kutambua nyuso, mtu huona maandishi yamepinda au katikati pana giza. Mshipa mpya ukipasuka, damu humwagika ndani ya jicho, na mtu huona kama masizi au nyuzi nyeusi zikielea, au giza la ghafla. Baadaye makovu huweza kuivuta retina ikabanduka kama rangi ukutani.

Lakini kabla ya hapo, haoni chochote. Tafadhali lishikeni hilo. Kwa miaka mingi mishipa inaweza kuwa inaharibika na mtu anatunga uzi kwenye sindano bila shida. Hakuna maumivu, hakuna machozi, jicho halina wekundu. Anayengoja dalili anangoja hatua ya mwisho.

Kabla ya kufika kwenye matibabu, turudi kidogo kwa yule mtoto tumboni, maana kati yenu wako akina mama waliojifungua kabla ya wakati. Mtoto akizaliwa mapema sana, mishipa yake haijafika ukingoni. Akipewa oksijeni nyingi kupita kiasi, retina inashiba, inanyamaza, na mishipa inaacha kuota. Wiki chache baadaye retina imekua, oksijeni imepunguzwa, na njaa inaingia kwa kishindo. Hapo mishipa huota ovyo. Jambo hili lilielezwa mara ya kwanza Boston mwaka 1942, na katika miaka iliyofuata watoto karibu 10,000 duniani walipofuka, wengi katika nchi tajiri zilizokuwa na mashine mpya za kuwalea. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, ndiye aliyeonyesha kidole kwenye oksijeni.

Mama asikatae mtoto wake kuwekewa oksijeni! Bila hiyo wengi hufa. Kinachotakiwa ni ipimwe, wauguzi wakiangalia kipimo. Na kwa kuwa siku hizi hospitali zetu za Kenya zinaokoa watoto wadogo kuliko zamani, mama wa mtoto kama huyo aulize kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: "Macho ya mtoto wangu yataangaliwa lini?" Kwa kawaida huwa ni karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Kuchelewa mwezi mmoja tu kwa sababu ya nauli kunaweza kumpofusha mtoto maisha yake yote. Kikundi kikiwa na mfuko wa dharura, nauli hiyo ni dharura.

Haya, sasa matibabu. Yako, na mtaona yote yanafuata habari hii ya njaa.

La kwanza ni leza, yaani mwanga mkali unaoelekezwa ndani ya jicho. Watu wengi huiogopa, na tumesikia wakisema leza ndiyo iliyompofusha fulani. Tusikilizane. Daktari hachomi mishipa mibaya yenyewe. Anachoma vidoa vidogo vingi pembeni mwa retina, anaziua seli nyingine makusudi. Mbona afanye hivyo? Kwa sababu seli za kuona ndizo zinazokula sana. Zikipungua pembeni, oksijeni ya bomba kuu la nyuma hubaki na kupenya mpaka kwenye sehemu zenye njaa, kelele za VEGF hupungua, na mishipa mibaya hunywea. Ni kama mfugaji anayeuza ng'ombe kadhaa wakati wa ukame ili waliobaki wapate majani. Unapoteza kitu: kuona pembeni na kuona usiku hupungua kiasi. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba leza hupunguza hatari ya upofu mbaya kwa nusu au zaidi. Yule aliyepofuka baada ya leza mara nyingi alikuwa amefika amechelewa, na angepofuka hata bila hiyo.

La pili ni sindano ya dawa inayonyamazisha VEGF. Ndiyo, inadungwa ndani ya jicho, baada ya matone ya kutia ganzi, na wengi husema hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Ya bei nafuu inaitwa bevacizumab. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, lakini tangu mwaka 2013 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima kwa ajili ya macho. Taabu yake ni kwamba sindano moja haitoshi. Mwanzoni huwa kila mwezi. Mtu akidungwa mara mbili, akaona vizuri, akaacha kwenda kwa sababu ya mavuno au nauli, njaa bado iko pale pale ndani ya jicho na mishipa itarudi. Kwa maoni yetu hapa ndipo kikundi kinaweza kufanya kazi ambayo daktari hawezi.

La tatu ni lile la nyumbani, na ndilo kubwa. Mwaka 1993 Marekani na Kanada walitangaza matokeo ya wagonjwa wa kisukari cha insulini waliofuatwa kwa miaka kadhaa. Waliodhibiti sukari kwa bidii walipunguza hatari ya kuanza ugonjwa huu wa retina kwa asilimia 76. Mwaka 1998 Uingereza nao walionyesha, kwa kisukari cha watu wazima, kwamba kushusha presha kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa huo kwa asilimia 34. Kwa hivyo mwenye vidonge vya presha asivimeze siku za kliniki tu ili kumfurahisha nesi. Juzi juzi, mwaka 2024, Scotland walitoa habari ya dawa ya mafuta ya damu iitwayo fenofibrate, kwamba ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa watu ambao bado ulikuwa mwanzoni. Hiyo ni ya kumuuliza daktari, si ya kununua dukani, maana mwenye shida ya figo inaweza kumdhuru.

Na karoti je? Karoti, mboga za majani na papai ni chakula kizuri, na humkinga mtoto na upofu wa ukosefu wa vitamini A. Lakini hazizibui mshipa ulioziba kwa kisukari. Na kuhusu asali, maji ya majani au maziwa ya mama yanayotiwa jichoni, hatutaki kumdharau mtu, ila hayo hubaki juu ya jicho. Hayafiki retina. Yanachofanya mara nyingi ni kuleta vidonda mbele, ukawa na magonjwa mawili.

Je, sisi hapa Kenya jambo hili linatuhusu? Katika mwaka 2007 na 2008 watafiti walipima watu wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru, mjini na vijijini. Kati ya waliokuwa na kisukari, zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari na dalili kwenye retina. Chukueni wenye kisukari kumi katika lokesheni yenu, wahesabuni watatu au wanne.

Halafu kuna habari ya Kirinyaga, ambayo ilitufurahisha sana. Kule kuna vikundi vya watu wenye kisukari. Watafiti waligawa vikundi hivyo: katika baadhi yake wanachama wenyewe walifundishwa kuwaelimisha wenzao na kuwakumbusha waende kupimwa retina, vingine viliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Pale ambapo mwenzako alikukumbusha, waliokwenda kupimwa walikuwa wengi zaidi sana. Hakikuletwa chombo kipya. Jirani alimwambia jirani.

Sasa mambo machache ya kufanya mkirudi. Kupimwa retina si kusoma herufi ukutani kwenye duka la miwani. Unaweza kusoma herufi zote ukapewa pongezi, na nyuma ya jicho kunaharibika. Mwambieni muuguzi hivi: "Nina kisukari, nataka kuangaliwa nyuma ya jicho." Utatiwa matone ya kupanua mboni, au utapigwa picha kwa kamera maalumu. Ukitiwa matone utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakusumbua, kwa hivyo nenda na mtu, vaa kofia, na usiendeshe pikipiki wala baiskeli siku hiyo. Mwenye kisukari cha watu wazima apimwe mara anapojulikana ana ugonjwa, kwa sababu huenda alikuwa nao miaka mingi bila kujua. Baada ya hapo ni kila mwaka, au kama daktari atakavyosema. Mama mwenye kisukari akishika mimba aende mapema, asingoje miezi ya mwisho, maana mimba inaweza kuuharakisha ugonjwa huu.

Kwa matibabu ya retina yenyewe, si kila hospitali ya wilaya ya zamani ina leza. Hospitali ya Kikuyu na Hospitali Kuu ya Kenyatta zinayo huduma hiyo. Pigeni simu kwanza kabla ya kupoteza nauli. Na bima ya NHIF iliondolewa mwaka 2024 ikaja SHA, kwa hivyo anayekwenda aulize mapema ni kipi kinacholipiwa na kipi atatoa mfukoni, ili kikundi kijue cha kuchanga.

Mzee mmoja hapo nyuma ameinua mkono muda mrefu. Anauliza, kama jicho moja limekwisha kupotea, kuna haja gani ya kwenda? Mzee, damu inayopita jicho la kulia ndiyo inayopita la kushoto. Nenda kwa ajili ya hilo lililobaki, na uende mwezi huu.

Tunapitisha karatasi. Kila katibu aandike jina la kikundi, idadi ya wanachama na watu wa nyumba zao wenye kisukari, na mwaka ambao kila mmoja alitiwa matone ya kupanua mboni. Majina ya wagonjwa msiandike, ni idadi tu. Ambaye hajawahi kupimwa mwandikeni "bado", na hao ndio tutakaoanza kuwapangia gari.